Kuchagua chipseti ya ubao mama: mwongozo kwa anayeunda kompyuta yake ya kwanza ya mezani nchini Uganda

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko mengine yote ni hili: "Nimepata prosesa kwa bei nzuri, sasa ninunue bodi gani?" Huniuliza wanafunzi wanaoishi katika hosteli za Wandegeya na Kikoni, wachapishaji wa Nasser Road wanaohitaji mashine ya kazi za usanifu, na vijana wa Arua au Mbarara ambao vifaa vyao husafirishwa kwa basi na hawawezi kuvirudisha Kampala bila kulipia mzigo mara ya pili. Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka kadhaa, na majibu yangu yamekuwa yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa kwa utaratibu.

Kabla ya yote nikuombe jambo moja. Usichague chipseti kwa ukubwa wa namba yake wala kwa sifa ya herufi inayoitangulia. Ichague kwa kuangalia vitu utakavyochomeka kwenye bodi, na kwa ushahidi kwamba bodi hiyo, ikiwa na BIOS (programu ndogo iliyo ndani ya bodi inayoiamsha mashine) iliyomo siku unayoinunua, inaitambua prosesa yako. Karibu kila hasara niliyoishuhudia ilitokana na kupuuza moja kati ya hayo mawili.

Nadharia yenyewe ni fupi. Chipseti ni kipande kidogo kilichogandishwa kwenye ubao mama, ubao ambao sokoni tunauita bodi, na kazi yake ni kuunganisha prosesa na diski, USB, mtandao, sauti na kadi za ziada. Haiongezi kasi ya prosesa. Inaamua tu ni milango mingapi ipo, milango hiyo ina upana gani, na kama unaruhusiwa kubadili kasi ya prosesa au ya RAM.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi yenye jina kamili la prosesa, pamoja na herufi zake za mwisho. Ryzen 5 5600 na Ryzen 5 5600G ni vitu viwili tofauti, na Core i5-12400 si sawa na i5-12400F.
- Orodha ya vitu vyote utakavyochomeka: diski, kadi ya michoro, printa, skana, skrini.
- Vipimo vya kasha lako, kama tayari unalo.
- Simu yenye intaneti na tochi. Tochi utaihitaji dukani.
- Flashi ya USB, na UPS ya kuazima kama huna yako.
- Kiasi cha fedha ulichotenga kwa bodi peke yake, bila kukichanganya na fedha ya pawasaplai.

Hatua ya 1: Taja kazi, kisha prosesa, kisha bodi

Anayefungua duka la stationari la kuchapa barua na kutoa nakala hahitaji bodi ileile anayoihitaji mhariri wa video za harusi. Andika kazi kuu ya mashine kwa sentensi moja, uchague prosesa inayoitosha, halafu ndipo uguse suala la bodi.

Hapa pana kosa ambalo limewatoa watu wengi machozi. Tundu la HDMI lililo kwenye bodi hufanya kazi pale tu prosesa inapokuwa na uwezo wa michoro ndani yake. Prosesa za Intel za mezani zenye herufi F mwishoni hazina uwezo huo, na prosesa nyingi za AM4 zisizo na herufi G hazina pia. Ukinunua Ryzen 5 5600 pamoja na bodi nzuri yenye HDMI, bila kadi ya michoro, skrini itabaki nyeusi hata kama kila kitu ni kizima, na hakuna chipseti itakayobadilisha hilo.

Hatua ya 2: Hakikisha soketi

Soketi ni kile kikalio cha prosesa kwenye bodi. Upande wa AMD, soketi ya AM4 ilianza mwaka 2016 na hubeba prosesa za Ryzen kuanzia 1000 hadi 5000, kwa RAM ya aina ya DDR4. Soketi ya AM5 ilikuja mwaka 2022 na hubeba Ryzen 7000, 8000 na 9000, kwa RAM ya DDR5 pekee.

Upande wa Intel, LGA1200 ya mwaka 2020 ni ya kizazi cha 10 na cha 11 (i5-12400, kwa mfano, ni ya kizazi cha 12). LGA1700 ya mwaka 2021 ni ya kizazi cha 12, 13 na 14. LGA1851 ya mwaka 2024 ni ya Core Ultra 200, nayo inakubali DDR5 pekee.

Soketi kulingana hakutoshi, na hili nalisisitiza kwa sababu wauzaji wengi hudhani kunatosha. LGA1151 ilitumika kwa makundi mawili yasiyopatana: chipseti za mfululizo wa 100 na 200 ni za kizazi cha 6 na cha 7, ilhali za mfululizo wa 300 ni za kizazi cha 8 na cha 9. Prosesa ya kizazi cha 8 itaingia kwenye bodi ya H110 bila kulazimishwa, kifuniko kitafunga vizuri, na mashine haitawaka. Vivyo hivyo kwenye LGA1200: H410 na B460 kwa kawaida hazikubali kizazi cha 11, ingawa soketi ni moja.

Hatua ya 3: Ielewe herufi, kisha uiogope namba

Kwa Intel, H inayoishia na 10, kama H610, ni daraja la chini, B ni la kati, na Z ni la juu. Z ndiyo peke yake inayokuruhusu kuongeza kasi ya prosesa zenye herufi K mwishoni kupita kiwango cha kiwandani. Kwa AMD, A ni la chini, B la kati na X la juu, lakini kuna tofauti muhimu: bodi za B za AMD, kama B450, B550 na B650, zinaruhusu kuongeza kasi ya prosesa, jambo ambalo B za Intel haziruhusu. Kwa sababu hiyo, kulipia X kwa ajili ya kuongeza kasi tu ni kupoteza fedha.

Namba zinachanganya zaidi kuliko herufi. B450 ni ya AMD na B460 ni ya Intel. B550 ni ya AMD na B560 ni ya Intel. B650 ni ya AMD na B660 ni ya Intel. Mwaka 2025 mambo yakawa hivyohivyo, kwa kuwa B850 ni ya AMD na B860 ni ya Intel. Ukiagiza kwa njia ya simu, usiseme "ile B ya mia sita na kitu". Tuma jina kamili kwa maandishi, kisha uombe picha ya boksi. Na usidhani B840 ni B850 iliyopunguzwa bei kidogo tu: B840 hairuhusu kuongeza kasi ya prosesa, na kadi ya michoro kwenye bodi hiyo haipati zaidi ya PCIe 4.0 (PCIe ni njia inayounganisha kadi na SSD na prosesa, na namba kubwa ni kasi zaidi).

Maoni yangu, baada ya kuunda mashine nyingi za watu wa kipato cha kawaida, ni haya. Kwa ofisi na stationari, H610 au A520 inatosha kabisa. Kwa usanifu, video na michezo ya kompyuta, simama kwenye B: B550 kwa AM4, B660 au B760 kwa LGA1700, B650 au B850 kwa AM5. Anayetarajia kubadili prosesa baada ya miaka michache bila kubadili bodi na aende AM5, kwa sababu AMD imeahidi kuendelea nayo hadi mwaka 2027 na kuendelea, ilhali kwenye LGA1700 kizazi cha 14 kilikuwa cha mwisho. Z na X zina watu wake, lakini anayeunda mashine ya kwanza mara chache huwa mmoja wao. Fedha hiyo ya ziada ingemnunulia SSD (diski ya kasi isiyozunguka) kubwa zaidi au pawasaplai ya kuaminika, na vyote viwili angeviona kazini kila siku.

Hatua ya 4: Hesabu milango unayoihitaji kweli

Chukua ile orodha ya vitu vya kuchomeka, uilinganishe na ukurasa wa bodi yenyewe kwenye tovuti ya mtengenezaji. Chipseti huweka kikomo cha juu tu, na mtengenezaji huamua ni milango mingapi ataiweka kweli. Bodi mbili za B550 zaweza kutofautiana kama nyumba mbili za mtaa mmoja.

Hesabu kwanza nafasi za RAM. Bodi za H610 zina nafasi mbili tu, kwa hiyo anayetaka kuanza na GB 16 na kuongeza baadaye anunue kijiti kimoja cha GB 16 akijua kwamba kwa muda RAM itafanya kazi kwa njia moja badala ya mbili, au anunue vijiti viwili vikubwa tangu mwanzo.

Kisha hesabu nafasi za M.2, yaani zile za kuchomeka SSD nyembamba moja kwa moja kwenye bodi. SSD ya PCIe 3.0 husoma hadi takriban MB 3,500 kwa sekunde, na ya PCIe 4.0 hufika karibu MB 7,000, wakati SSD ya SATA, aina ya zamani ya kuunganisha diski, hukomea karibu MB 550. Kwa mtu wa Nasser Road anayefungua mafaili ya mabango siku nzima, kuhama kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote kutambadilishia kazi, lakini kuhama kutoka PCIe 3.0 kwenda 4.0 huenda asikuhisi. Angalia pia maandishi madogo chini ya jedwali, kwa sababu bodi nyingi huzima tundu moja au mawili ya SATA unapoweka SSD kwenye nafasi ya pili ya M.2.

Suala la kadi ya michoro linahitaji uangalifu zaidi. Kadi nyingi hutumia njia 16 au 8 za PCIe na hazipungukiwi sana kwenye bodi ya PCIe 3.0. Lakini Radeon RX 6500 XT, ambayo wengi huikimbilia kwa bei yake, ina njia 4 pekee, hivyo kwenye PCIe 3.0 hupoteza nguvu kwa kiasi kinachoonekana. Na kuwa na bodi ya B550 hakukuhakikishii PCIe 4.0, kwa sababu Ryzen 5 5500, 5600G na 5700G zenyewe zina PCIe 3.0 tu. Njia hukomea pale penye wembamba zaidi.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni kwamba vyote vinavyopitia chipseti hushirikiana njia moja ya kufika kwenye prosesa. Fikiria teksi zote za Old Taxi Park zikitokea lango moja: zikitoka chache hakuna msongamano, zikitoka zote kwa pamoja zinasubiriana. Kwa matumizi ya kawaida hutaona tatizo. Kwa anayehamisha video kubwa kati ya SSD mbili, inafaa SSD ya kazi ikae kwenye nafasi ya M.2 iliyounganishwa moja kwa moja na prosesa, ambayo mara nyingi ni ile iliyo karibu nayo zaidi. H610, kwa bahati mbaya, haitoi nafasi ya M.2 ya namna hiyo.

Hatua ya 5: Soma orodha ya prosesa na toleo la BIOS

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na mimi mwenyewe niliwahi kuiruka. Mwaka 2022 nilinunua Ryzen 5 5600 pamoja na bodi ya B450 iliyokuwa imekaa dukani muda mrefu. Niliuliza kama vinapatana, nikajibiwa, "Bosi, soketi ni ileile, itakubali tu." Nilipowasha, feni zilizunguka, taa ndogo nyekundu yenye neno CPU ikabaki inawaka, na skrini haikuonyesha kitu. Kwa siku tatu nilishuku RAM, nikashuku pawasaplai, nikatoa na kurudisha kila waya. Mwishowe rafiki aliniazima Ryzen 5 2600 yake, prosesa ya zamani zaidi. Bodi ikawaka mara moja, nikasasisha BIOS kwa dakika chache, nikarudisha 5600, na mashine ikafanya kazi. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. BIOS ilikuwa ya zamani kuliko prosesa.

Fanya hivi ili usipitie hayo:

a) Fungua ukurasa wa bodi kwenye tovuti ya mtengenezaji, uingie sehemu ya prosesa zinazokubaliwa. Hakikisha jina la bodi ni lilelile hadi herufi ya mwisho, pamoja na namba ya marekebisho inayoandikwa "Rev".

b) Tafuta prosesa yako. Kando yake pameandikwa toleo la BIOS ambalo kwa mara ya kwanza liliikubali. Liandike.

c) Muulize muuzaji bodi ina toleo gani. Mara nyingine limebandikwa kwenye boksi au kwenye chipu ya BIOS. Kama hajui, mwombe awashe bodi pamoja na prosesa yako mbele yako.

d) Kama hawezi kuiwasha, chagua bodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa. Kitufe hicho huwa nyuma, karibu na tundu maalumu la USB.

Usidhani kila Ryzen inaingia kila bodi ya AM4. B550, kwa mfano, haikukusudiwa kubeba Ryzen 5 3400G wala Ryzen 3 3200G, ingawa ni za mfululizo wa 3000. Upande mwingine, baadhi ya bodi za B450 na A320 zikisasishwa kwa ajili ya Ryzen 5000 huacha kuzitambua prosesa za zamani, kwa kuwa chipu ya BIOS ina nafasi ndogo. Soma onyo lililo kando ya faili kabla ya kulipakua.

Kuhusu kusasisha kwenyewe: umbiza flashi kwa mfumo wa FAT32, weka faili la BIOS, lipe jina linalotajwa kwenye kitabu cha bodi, na usiguse kitu hadi taa iache kumetameta. Umeme ukikatika katikati, bodi inaweza kufa. Fanya kazi hiyo kwenye UPS, na uangalie kwanza matangazo ya UEDCL, kampuni ya kusambaza umeme, kuhusu kukatwa umeme kwa matengenezo katika eneo lako. Anayetumia kizazi cha 13 au 14 cha Intel, hasa Core i7 na i9, asiiahirishe hatua hii, kwa sababu mwaka 2024 Intel ilitoa masasisho ya kuzuia volti iliyokuwa ikizidi na kuharibu prosesa hizo polepole, na masasisho hayo hufika kwenye mashine yako kupitia BIOS.

Hatua ya 6: Linganisha RAM

Bodi za LGA1700 zipo za aina mbili, za DDR4 na za DDR5, zikiwa na chipseti ileile. Jina la bodi mara nyingi hubeba "D4" au "DDR4" mwishoni. Mkato wa kijiti cha DDR5 uko mahali tofauti na wa DDR4, kwa hiyo kikikataa kuingia usikisukume.

Kwenye H610, RAM ya DDR4 yenye kasi ya 3600 itafanya kazi kwa 3200. Haitaharibika, ila umelipia kasi usiyoipata.

Hatua ya 7: Angalia jinsi bodi inavyoipa prosesa umeme

Chipseti inaweza kuikubali Core i9 kwa maandishi, na bodi ikashindwa kuilisha. Pembeni ya soketi kuna safu ya vipande vinavyopunguza umeme wa pawasaplai hadi volti ndogo ya prosesa. Kwenye bodi za bei ya chini vipande hivyo ni vichache na havina chuma cha kupozea. Core i5-12400 inaweza kufika wati 117 ikifanya kazi nzito, na bodi ya H610 ya kawaida huimudu. Core i9-13900K hufika wati 253, na kwenye bodi ileile itapunguza kasi yake ili bodi isiungue, hasa katika chumba cha Gulu au Arua mwezi wa Februari. Kanuni yangu ni rahisi: kama prosesa ni Core i7, i9, Ryzen 7 au Ryzen 9, ninataka kuona vyuma vya kupozea vimefunika vipande hivyo, hata kama itanilazimu kuacha chapa niipendayo.

Hatua ya 8: Kagua bodi kwa macho kabla ya kutoa fedha

Weka bodi chini ya mwanga, usiikague ikiwa ndani ya mfuko wake. Kwa Intel zote nilizotaja na kwa AM5, pini ziko kwenye soketi ya bodi. Washa tochi ya simu na uilaze pembeni, karibu usawa wa bodi. Pini nzima hung'aa kwa mistari iliyonyooka kama meno ya chanuo. Iliyopinda hung'aa upande wake peke yake, au huacha nukta nyeusi katikati ya mstari. Ukiona nukta kama hiyo, irudishe papo hapo, kwa sababu ukiondoka nayo hakuna atakayeamini kwamba hukuipinda wewe. Kwa AM4 pini ziko chini ya prosesa, kwa hiyo kagua prosesa.

Kwa bodi iliyotumika, chungulia ndani ya nafasi za RAM. Vumbi jekundu la murramu linaweza kupulizwa, lakini ukungu wa kijani kwenye shaba ni kutu. Gusa vichwa vya kapasita za mviringo: vinapaswa kuwa bapa. Hakikisha skrubu ya M.2 ipo, pamoja na kile kibati cha nyuma cha matundu, kwa sababu kuvipata peke yake ni usumbufu.

Jihadhari na bodi zilizotolewa kwenye kompyuta kamili za ofisi. Ni nafuu na nyingi ni imara, ila mara nyingi tundu lao la umeme si lile la kawaida la pini 24, na matundu ya skrubu hayalingani na kasha lako. Jihadhari pia na bodi mpya za bei ya chini mno zinazoitwa X79 au X99, kwa kuwa nyingine hubeba chipseti tofauti na jina lililochapishwa juu yake.

Nunua bodi na prosesa mahali pamoja kila inapowezekana, na uombe risiti ya EFRIS (mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA) yenye jina kamili la bodi na namba yake ya utambulisho. Neno "motherboard" peke yake kwenye risiti halitakusaidia siku ya kudai.

Kuhusu ukubwa, ATX ni milimita 305 kwa 244, Micro-ATX ni 244 kwa 244, na Mini-ITX ni 170 kwa 170. Kasha kubwa hukubali bodi ndogo.

Hatua ya 9: Thibitisha baada ya kuwasha

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha usome jina la bodi na toleo la BIOS. Kwenye Linux, amri ya sudo dmidecode -t baseboard hutoa jina hilo. Programu ya CPU-Z itakuonyesha chipseti yenyewe. Ikiwa haifanani na ulichokilipia, rudi dukani wiki hiyohiyo. Kama utatumia Windows 11, ingia kwenye BIOS na uwashe TPM (sehemu ya usalama inayodaiwa na Windows 11), ambayo kwa AMD huitwa fTPM na kwa Intel huitwa PTT.

Matatizo yanayojitokeza na pa kuanzia

*Feni zinazunguka, skrini ni nyeusi.* Angalia kwanza kama waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi ya michoro na si kwenye bodi. Kisha angalia waya wa umeme wa prosesa wenye pini 4 au 8, ulio juu kushoto kwenye bodi nyingi, kwa kuwa huo husahaulika sana. Kisha rudi Hatua ya 5.

*Bodi ya AM5 inakaa kimya dakika kadhaa mara ya kwanza.* Inaipima RAM ya DDR5. Iache hadi dakika 15 kabla ya kuizima. Nimeshuhudia watu wakizima na kuwasha mara kumi, wakiianzisha upya kazi hiyo kila mara, halafu wakaipeleka kwa fundi bodi iliyo nzima.

*RAM inaonekana nusu.* Toa vijiti, safisha kingo zake kwa kitambaa kikavu, na uvirudishe kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kama bodi ina nafasi nne. Ikiendelea, fungua kidogo skrubu za kipoza joto, kwa sababu kikikazwa upande mmoja prosesa huinuka kwenye pini za upande wa pili.

*SSD ya M.2 haionekani.* Huenda ni ya SATA na nafasi uliyoiweka inakubali NVMe (SSD za PCIe) pekee, au kinyume chake. Kitabu cha bodi kinaeleza kila nafasi.

*Diski ya SATA imepotea baada ya kuweka SSD.* Hamishia waya wake kwenye tundu jingine la SATA.

*Saa inarudi nyuma kila umeme ukikatika.* Badilisha betri ya CR2032, kisha uingie kwenye BIOS uweke saa na mipangilio upya.

*Mashine inazimika ikifanya kazi nzito tu.* Pima joto la prosesa na la vipande vya umeme kwa programu ya HWiNFO. Kama joto ni la kawaida, shuku pawasaplai au umeme wa nyumbani. Jaribu mashine kwenye nyumba nyingine au nyuma ya stabilaiza kabla ya kuilaumu bodi.

*Umesasisha BIOS na sasa haiwaki kabisa.* Zima umeme, toa betri ya bodi kwa dakika kumi, uirudishe, ujaribu tena. Kama bodi ina kitufe cha kusasisha bila prosesa, rudia kwa faili jipya lililopakuliwa upya. Kama haina, fundi mwenye kifaa cha kuandika chipu ya BIOS anaweza kuifufua. Mpelekee jina kamili la bodi, namba yake ya "Rev", na lile faili ulilolitumia.